Saa 48 za Mkuu wa Wilaya: Madaraka ya Kuzuia Yanapogeuzwa Adhabu

*"Shikamoo, wakili. Kaka yangu ni mganga mfawidhi wa zahanati ya kijiji chetu. Mwezi uliopita Mkuu wa Wilaya alifanya mkutano wa hadhara, na wananchi wakalalamika kwamba dawa hakuna. Kaka aliitwa mbele, akajibu kwamba maombi aliyapeleka kwa wakati na dawa hazijafika kutoka Bohari. Mkuu wa Wilaya akasema anajibiwa kwa kiburi, akamgeukia mkuu wa polisi na kumwambia: 'Huyu weka ndani saa 48.' Kaka alilala mahabusu siku mbili, akaachiwa bila kufunguliwa kesi na bila kupewa karatasi yoyote. Baba anasema tunyamaze, serikali ina mkono mrefu. Mume wangu anasema Mkuu wa Wilaya hana mamlaka ya kumkamata mtu, kwa hiyo tumshtaki kesho. Nami nakiri jambo moja: mwaka jana kiongozi huyo huyo alimweka ndani mkandarasi aliyechelewesha mradi wa maji, na mimi nilipiga makofi. Sheria inasemaje? Na viongozi wakinyang'anywa nguvu hizi, nani atawawajibisha wazembe?"*

Marahaba, na poleni sana nyumbani. Barua yako ina maswali mawili yaliyofungwa katika kitita kimoja, moja la sheria na jingine la utawala, na nadhani hilo la pili ndilo linalokunyima usingizi zaidi. Nitaanza na la sheria kwa sababu nyumbani kwenu kuna maoni mawili yanayovutana, na yote mawili yanaweza kumwingiza kaka yako katika matatizo mapya. Baba anaiona serikali kama nguvu isiyo na kikomo. Mumeo anamwona Mkuu wa Wilaya kama mtu asiye na nguvu yoyote juu ya mwili wa raia. Sheria ya Tanzania Bara haiko upande wa baba wala upande wa mumeo.

Nianze na mumeo, kwa sababu haraka yake ndiyo inayoweza kugharimu fedha. Sheria ya Tawala za Mikoa, Namba 19 ya mwaka 1997, inampa Mkuu wa Mkoa, katika kifungu cha 7, na Mkuu wa Wilaya, katika kifungu cha 15, uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Kwa hiyo shauri linalosimama juu ya hoja kwamba kiongozi huyo hana kabisa mamlaka ya kukamata litaanguka siku ya kwanza, na mnaweza kutakiwa kulipa gharama za upande wa pili. Hoja yenye nguvu ni nyingine, nayo haionekani mpaka mtu asome sheria yenyewe badala ya kuisikia ikitajwa jukwaani.

Sheria hiyo inaruhusu ukamataji katika mazingira mawili. La kwanza ni pale mtu anapotenda kosa la jinai mbele ya kiongozi huyo, au kiongozi anapokuwa na taarifa kwamba mtu huyo ametenda kosa ambalo anaweza kukamatwa na kushtakiwa kwalo. La pili, ambalo ndilo linalotumika sana katika mikutano ya hadhara, ni pale kiongozi anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtu fulani anaelekea kuvunja amani au kuvuruga utulivu wa umma, na kwamba hakuna njia nyingine ya kulizuia jambo hilo isipokuwa kumweka mtu huyo kizuizini. Hayo maneno ya mwisho ndiyo moyo wa kifungu. Haitoshi amani iwe hatarini. Ni lazima pia njia nyingine zote ziwe zimeshindikana.

Baada ya hapo sheria inaweka uzio. Aliyekamatwa anapaswa kufikishwa mbele ya hakimu ndani ya saa 48, na asipofikishwa ana haki ya kuachiwa, wala hawezi kukamatwa tena kwa amri ya kiongozi huyo kwa sababu ile ile. Kiongozi anatakiwa aeleze kwa maandishi sababu za kumkamata mtu huyo, na maelezo hayo yamfikie hakimu. Tena sheria haikuishia kwenye kuonya tu: inasema wazi kwamba kiongozi anayetumia uwezo huo kinyume na makusudi yake anaweza kushtakiwa kwa kosa la matumizi mabaya ya madaraka lililomo katika kifungu cha 96 cha Kanuni ya Adhabu. Ni nadra kwa sheria inayompa mtu nguvu kumtajia papo hapo kosa atakaloshtakiwa nalo akiitumia vibaya. Waliotunga kifungu hiki walijua wanachokikabidhi ni kisu chenye makali.

Sasa rudi kwenye sentensi uliyoinukuu: "Huyu weka ndani saa 48." Isome polepole. Mtu anayezuia hatari hawezi kujua mapema kwamba hatari hiyo itadumu saa 48 kamili. Ikiwa kaka yako alikuwa karibu kuvuruga amani, hatari hiyo ingeweza kwisha baada ya saa moja, mkutano ukishatawanyika, na hapo angepaswa kuachiwa. Au ingekuwa nzito kiasi cha kumhitaji hakimu, na hapo angepaswa kupelekwa mahakamani. Anayetamka idadi ya saa tangu mwanzo anatoa hukumu. Katika sheria hii saa 48 ni kikomo, kama alama ya uzito kwenye daraja inayosema lori lisizidi tani kadhaa. Alama hiyo haimwamuru kila dereva apakie mzigo kufikia tani hizo. Mahali pengi viongozi wamekigeuza kikomo hiki kuwa kipimo cha adhabu, na wananchi nao wamezoea kukiita hivyo, hadi "kupewa saa 48" imekuwa lugha ya mtaani inayoeleweka bila maelezo.

Lipo pia suala la kile kilichoitwa kiburi. Kumjibu kiongozi kwa namna asiyoipenda si kuvunja amani. Hata tukichukulia, kwa ajili ya mjadala tu, kwamba kaka yako alikuwa mzembe na maombi ya dawa hakuyapeleka Bohari ya Dawa, huo ungekuwa uzembe kazini, nao una njia yake. Mtumishi wa zahanati ya umma ni mwajiriwa wa halmashauri, na nidhamu yake inashughulikiwa chini ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002: anaandikiwa tuhuma, anapewa muda wa kujibu, anasikilizwa, ndipo uamuzi unatolewa, nao anaweza kuukatia rufaa. Mkuu wa Wilaya angeweza kumwandikia Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri jioni ile ile akitaka uchunguzi ufanyike. Kama njia hiyo ilikuwepo, yale maneno ya sheria kuhusu kukosekana kwa njia nyingine hayatimii. Ukiniuliza maoni yangu kwa maelezo uliyonipa, na nimesikia upande mmoja tu, amri ile ilitoka nje ya sheria iliyoiruhusu.

Kwa nini basi jambo lililowekewa uzio kiasi hiki linavuka uzio mara kwa mara? Hapa inabidi turudi nyuma kidogo, kwa sababu kiti cha Mkuu wa Wilaya kina historia ndefu kuliko sheria ya 1997. Wazee bado wanaiita ofisi yake bomani, na jina hilo limebaki tangu enzi za ukoloni. Katika Tanganyika ya Waingereza, ofisa wa boma alikusanya kodi, alisimamia polisi, na alikaa kitini kama hakimu. Yule yule aliyetoa amri ndiye aliyemhukumu aliyeikataa. Baada ya Uhuru kofia ya uhakimu iliondolewa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ikatengeneza mfumo mpya wa mahakama. Lakini mwaka 1962 zilikuwa zimeshatungwa sheria za Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Maeneo, kama walivyoitwa wakati huo wakuu wa wilaya, zilizowapa uwezo wa kuwaweka watu kizuizini kwa muda mfupi, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini iliyompa Rais uwezo mkubwa zaidi wa kumfunga mtu bila kesi. Mkuu wa Eneo alikuwa pia katibu wa TANU katika wilaya yake. Nchi ilikuwa changa, askari wachache, na waliozitetea sheria hizo walisema taifa haliwezi kusubiri. Sababu zao hazikuwa za kipuuzi. Tatizo ni kwamba nguvu iliyopewa serikali kwa ajili ya dharura hairudi yenyewe dharura inapokwisha.

Ushahidi wa hilo uko wazi. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991 kuangalia kama nchi iingie katika mfumo wa vyama vingi, ilitaja katika taarifa yake ya 1992 sheria 40 zilizobana haki za watu na kushauri zifutwe au zirekebishwe. Zile sheria za wakuu wa mikoa na wilaya zilikuwemo. Miaka 5 baadaye ikaja sheria ya 1997 iliyochukua nafasi yao, ikaongeza masharti niliyokueleza, lakini uwezo wenyewe wa kukamata ukabaki. Kabla ya hapo Katiba ilikuwa imeshapata sura ya haki za msingi kwa mabadiliko ya 1984, na Ibara ya 15 inasema mtu hatanyang'anywa uhuru wake isipokuwa katika hali na kwa utaratibu uliowekwa na sheria. Kwa hiyo kaka yako alikamatwa chini ya kifungu ambacho asili yake ni ya 1962, katika nchi ambayo tangu wakati huo imebadili Katiba yake. Nguo ya zamani imetiwa viraka vipya, lakini mshono ni ule ule.

Historia peke yake haielezi kila kitu, maana wapo wakuu wa wilaya wengi wanaomaliza utumishi wao bila kumweka mtu ndani. Mtazame badala yake jinsi kiti kilivyopangwa. Mkuu wa Wilaya anateuliwa na Rais na anaondolewa na Rais. Aliowatawala hawana kura juu yake. Macho yake, kwa hiyo, yanaelekea juu. Ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Ulinzi na Usalama ya Wilaya, na mkuu wa polisi wa wilaya ni mjumbe wa kamati hiyo. Ofisa wa polisi aliyeambiwa "weka ndani" mbele ya umati anajua kwamba kesho asubuhi atakaa meza moja na aliyemwamuru. Kisheria askari anatakiwa kutii amri halali tu, na angeweza kwa heshima kuomba aelezwe kosa ni lipi ili aliandike katika kitabu cha mahabusu. Wachache huthubutu, na mimi siwezi kuwalaumu kirahisi nikiwa nimekaa mezani kwangu.

Kuna jambo la tatu ambalo mara nyingi hata sisi wanasheria tunalisahau. Muda wa saa 48 ni mfupi mno kwa mahakama kuufikia. Mahakama Kuu ina uwezo wa kuamuru mtu aliyezuiliwa isivyo halali aletwe mbele yake na aachiwe, lakini hesabu mwenyewe: mtu amekamatwa alasiri ya Ijumaa kijijini, ndugu wanasafiri mjini Jumamosi, wakili anapatikana Jumapili, masijala inafunguliwa Jumatatu, na Jumatatu mtu ameshatoka. Shauri la kumtoa halina tena wa kumtoa. Kizuizi cha miezi 6 kingezua kelele, mawakili na maswali bungeni. Cha siku mbili kinapita kama mvua ya rasharasha, mtu anafuta vumbi na kurudi kazini, na aliyetoa amri hagharimiki hata senti moja. Nguvu ya serikali inapotumiwa vibaya, mara nyingi haiji kwa sura ya udikteta mkubwa unaotangazwa redioni. Inakuja katika vipimo vidogo ambavyo kila kimoja hakistahili usumbufu wa kukipinga.

Jambo la nne ni makofi, na hapa nakushukuru kwa kukiri kwako, kwa sababu ungeweza kuliacha na barua yako ingependeza zaidi. Mkandarasi yule pengine alistahili kubanwa sana. Lakini jiulize alibanwa kwa lipi. Mkandarasi anayechelewesha mradi ana mkataba, na mkataba huo kwa kawaida una kipengele cha fidia ya ucheleweshaji, unaweza kuvunjwa, na mkandarasi anaweza kupelekwa kwa mamlaka inayowasajili makandarasi. Njia hizo ni za polepole na hazina watazamaji. Kumweka mtu ndani mbele ya umati kunachukua dakika moja, kunampa kiongozi sifa ya kuwa mchapakazi, na mara nyingi kunafunika swali ambalo lingepaswa kuulizwa: nani alisimamia mkataba ule, na fedha za awamu ya kwanza zililipwa kwa kazi ipi? Katika suala la kaka yako ilikuwa vivyo hivyo. Umati uliondoka ukiwa umemwona mkosaji, na hakuna aliyeuliza kwa nini dawa hazikufika, wala kama halmashauri ilitumia utaratibu wa kununua kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa, pale Bohari inapokosa. Dawa, nadhani, bado hazipo.

Kwa hiyo nikujibu swali lako la mwisho: wazembe watawajibishwa na nani? Sikubaliani na wale wanaosema serikali yenye nguvu ni mbaya kwa asili yake. Serikali isiyo na nguvu haiwezi kumlinda mjane dhidi ya shemeji anayemnyang'anya shamba, wala kuwatenganisha wakulima na wafugaji kabla damu haijamwagika. Desemba 2000 huko Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu zaidi ya 30 waliuawa katika mapigano ya aina hiyo, na mtu yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya usalama ya wilaya yenye migogoro ya ardhi atakuambia kwamba kuna usiku ambao uamuzi hauwezi kungoja hadi kesho. Hoja hiyo naipa uzito wake wote. Lakini hata katika usiku huo, polisi wana uwezo wao wenyewe, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, wa kumkamata bila hati mtu anayevunja amani, na hakimu ana uwezo wa kumtaka mtu anayetishia amani aweke ahadi yenye dhamana kwamba atatulia. Nikiyaweka haya yote kwenye mizani, naona kwamba uwezo wa Mkuu wa Wilaya unaongeza kidogo sana kwenye usalama na unafungua mlango mpana kwenye matumizi mabaya. Ningependa uondolewe. Wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaotaka ubaki na usimamiwe vizuri zaidi, wakisema katika wilaya za pembezoni askari na mahakimu bado ni wachache.

Lugha yetu ina neno linalonisaidia kufikiri hapa. Tunasema dhamana tukimaanisha kile kinachomtoa mtu mahabusu, na tunasema dhamana tukimaanisha cheo. Ahadi ya mwana-TANU, iliyorithiwa na CCM, ilisema cheo ni dhamana. Aliyedhaminiwa hawi mwenye mali. Anakabidhiwa kitu cha wengine kwa masharti, na siku ya kukabidhi atahesabiwa. Masharti ya kifungu cha 15 ndiyo hesabu yenyewe, na karatasi yenye sababu ambayo kaka yako hakupewa ndiyo daftari la hesabu hiyo.

Ndiyo maana nawashauri mwanze na karatasi hiyo. Kaka yako, yeye mwenyewe, amwandikie Mkuu wa Wilaya kupitia kwa Katibu Tawala wa Wilaya barua fupi na ya adabu, akieleza tarehe, mahali na muda aliokaa kizuizini, na kuomba nakala ya maelezo ya maandishi ya sababu za kukamatwa kwake. Barua isiwe na tusi wala tishio. Abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Jibu lolote litamfaa: wakileta sababu, tutazipima na sheria, wakikaa kimya, ukimya huo utakuwa sehemu ya ushahidi. Wakati huo huo akusanye majina ya watu waliokuwepo na walio tayari kusema walichosikia, picha za video kama zipo, nakala za maombi ya dawa aliyoyapeleka, na kutoka kituoni athibitishe tarehe na saa ya kuingia na kutoka kwake.

Kutoka hapo njia zinatofautiana kwa uzito na kwa hatari. Chama chake cha wafanyakazi, ambacho kwa watumishi wa afya mara nyingi ni TUGHE, kinaweza kulibeba suala kama la wanachama wote badala ya la mtu mmoja, na kwa mtumishi anayeogopa kuhamishwa ghafla, mimi naiona hii kuwa hatua ya kwanza yenye busara. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, iliyoanzishwa chini ya Ibara ya 129 ya Katiba, inapokea malalamiko ya aina hii bila ada na inaweza kuchunguza. Udhaifu wake ni kwamba mwishoni inatoa mapendekezo, na mapendekezo si amri. Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma nayo ina nafasi, kwa kuwa Mkuu wa Wilaya ni kiongozi wa umma chini ya sheria yake ya 1995. Mashtaka ya jinai ya matumizi mabaya ya madaraka yapo kwenye kitabu kama nilivyosema, lakini uamuzi wa kushtaki hauko mikononi mwenu, na nisingewashauri mtegemee njia hiyo.

Mahakama ipo, na si ya kudharauliwa. Mwaka 1993, katika shauri la Kukutia Ole Pumbun, Mahakama ya Rufani ilikifuta kifungu kilichomtaka raia apate kwanza ridhaa ya Serikali ndipo aishtaki Serikali hiyo hiyo, ikisema sheria inayobana haki lazima iwe na kinga dhidi ya uamuzi wa kiholela na isibane kupita kiasi kinachohitajika. Leo sharti lililopo ni taarifa ya siku 90 kabla ya kufungua madai, na Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe katika shauri. Lakini angalieni muda. Kwa madai ya fidia kutokana na kitendo kinachodaiwa kufanywa kwa mujibu wa sheria fulani, kikomo kinaweza kuwa mwaka mmoja tu, na siku 90 za taarifa zinakula humo humo. Anayetaka Mahakama Kuu ipitie na kutengua uamuzi wa kiutawala ana miezi 6 ya kuomba kibali. Na kama mnafikiria shauri la kikatiba la kupinga kifungu chenyewe, mabadiliko ya 2020 yalimtaka mlalamikaji aonyeshe jinsi alivyoathirika yeye binafsi, sharti ambalo Mahakama ya Rufani ililibatilisha mwaka 2025. Hata hivyo, aliyeathirika ni kaka yako. Msimfungulie kesi kwa niaba yake huku yeye hataki.

Ni kweli pia, na baba anastahili kusikilizwa katika hili, kwamba kulalamika kuna gharama. Anaweza kuhamishwa, anaweza kuchukiwa, na shauri linaweza kuchukua miaka. Mkono wa serikali ni mrefu kweli. Siwezi kumwambia mtu mwenye watoto wanaosoma kwamba hana budi kupambana. Ninachoweza kusema ni kwamba barua ya kuomba sababu, ikiandikwa kwa adabu, ni hatua ndogo kuliko anavyodhani baba, na inauacha mlango wa hatua nyingine wazi wakati familia inatafakari.

Yapo mazingira ambayo hamtakiwi kutafakari bali kumwona wakili, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kama wakili hapatikani, siku hiyo hiyo. Kama alipigwa mahabusu, apate fomu ya polisi namba 3 na aende hospitali kabla alama hazijapotea. Kama amepokea barua ya kujieleza au hati ya mashtaka ya nidhamu, muda wa kujibu ni mfupi, na majibu yaliyoandikwa kwa hasira huwa ndiyo ushahidi mkubwa wa upande wa pili. Kama anatakiwa kutia saini maelezo yoyote yanayosema alifanya fujo mkutanoni, asitie. Kama atakamatwa tena kwa jambo lile lile, mmoja wenu aende kituoni papo hapo, aulize kosa lililoandikwa na jina la ofisa wa zamu, na ampigie wakili simu akiwa bado kaunta. Wakili huyo pia aangalie toleo la sasa la sheria kabla hajaandika taarifa ya siku 90, kwa kuwa namba za vifungu hubadilika kila sheria zinapofanyiwa urekebu, na taarifa inayotaja kifungu kisicho sahihi inawapa mawakili wa Serikali pingamizi la bure.

Leo jioni mkalishe kaka yako na daftari. Aandike saa aliyoitwa mbele, maneno aliyoulizwa na aliyojibu kama anavyoyakumbuka, nani alimshika, gari gani lilimchukua, na saa aliyofunguliwa mlango. Umesema yalitokea mwezi uliopita, na bado anaweza kuyakumbuka kwa mpangilio wake.